Kinaya kiko mstari wa ngapi? Jibu kuhusu msemaji asiyeaminika katika ushairi

Mwalimu mmoja wa fasihi katika shule ya sekondari ameniandikia hivi: “Nimewasomesha wanafunzi wangu shairi la Robert Browning liitwalo ‘My Last Duchess’. Anayesema ndani yake ni mtu mmoja tu tangu mwanzo hadi mwisho, na hakuna sauti nyingine ya kumpinga. Wanafunzi wawili walishikilia kwamba mke ndiye mwenye makosa na kwamba mumewe alimvumilia muda mrefu. Niliwaambia shairi lina kinaya, nao wakaniuliza kinaya hicho kiko mstari wa ngapi. Sikuwa na jibu. Tunajuaje kwamba mshairi hakubaliani na msemaji wake, na tutamwonyeshaje mtu asiyekiona?”

Mwalimu, naanza kwa kuwatetea wanafunzi wako. Waliouliza kinaya kiko mstari wa ngapi wameuliza swali zuri sana, kwa sababu wamekataa kulipokea neno “kinaya”, yaani maana iliyo kinyume na inayosemwa, kama hirizi ya kufungia mjadala. Na wale wawili waliomwonea huruma mume hawakusoma kizembe. Wamepatwa na lile ambalo shairi hili humpata nalo kila anayelisoma mara ya kwanza: wamemsikiliza mtu mwenye adabu, mwenye mali na mwenye maneno matamu akieleza tatizo la nyumbani kwake kwa utulivu, wakamwamini. Kosa lingekuwa kuishia hapo. Nitajibu kama walivyouliza, kwa kutaja mistari, lakini kwanza lazima tuelewane kuhusu aina yenyewe ya shairi.

Monolojia ya kitamthilia ni shairi ambalo ndani yake mhusika mmoja, asiye mshairi, anasema kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho, akiwa mahali fulani, katika tukio fulani, na mara nyingi mbele ya mtu mwingine ambaye maneno yake hatuyasikii. Browning na Alfred Tennyson waliikuza aina hii huko Uingereza katika karne ya 19, karibu wakati mmoja. Si sawa na uzungumzi nafsia wa jukwaani, ambapo mhusika amebaki peke yake na hana wa kumdanganya isipokuwa moyo wake. Msemaji wa monolojia ana mtu mbele yake na ana haja anayoitaka kwa mtu huyo, kwa hiyo kila kauli yake imetumwa kazi. Ndiyo maana swali la kwanza ninalowashauri wanafunzi walikabili si kama anasema kweli, bali anataka nini kwa huyu anayemwambia.

Sisi tuliolelewa katika Kiswahili tunaliingia shairi la namna hii tukiwa na kizuizi kimoja na faida moja. Kizuizi kinatokana na heshima tuliyo nayo kwa ushairi wa mawaidha. Katika Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, mama anamuusia binti yake, na mama huyo ndiye mtunzi mwenyewe, kwa hiyo tunaipokea sauti yake kwa uaminifu, na tunafanya vyema. Ni kweli kwamba tunafundisha tofauti kati ya mshairi na nafsineni, yaani anayesema ndani ya shairi, na mitihani ya Kiswahili ya Kenya huwataka watahiniwa wamtambue nafsineni. Lakini mara nyingi jibu huishia kwenye utambulisho: nafsineni ni mzazi, nafsineni ni mfanyakazi, basi. Kumtaja msemaji kunachukuliwa kuwa ndiko kumpima.

Faida yetu ni mafumbo. Mtu aliyekulia penye kanga zenye maneno na penye mipasho ya taarabu hahitaji kufundishwa kwamba neno linaweza kutamkwa mbele ya aliyepo na likamlenga asiyekuwepo, wala kwamba sifa inaweza kuwa tusi. Wahenga walisema fumbo mfumbe mjinga, mwerevu huligangua. Hata hivyo hapa kuna mpaka ambao usipochorwa wazi darasa lote litapotea. Mwenye kupiga kijembe anaijua maana iliyofichika, kwa kuwa yeye ndiye aliyeificha. Kinaya cha monolojia ni maana inayomponyoka msemaji, akaiacha peupe mbele yetu bila yeye kuiona. Nauchora mpaka huu mapema kwa sababu Duke wa Ferrara, mtawala ambaye ndiye mume anayesema katika shairi hili, anafanya yote mawili kwa pumzi moja, na ninaamini kwamba sehemu kubwa ya ubishi uliopo juu ya shairi hili inatokana na kuyachanganya.

Sasa tuje kwenye shairi. Lilichapishwa mwaka 1842, lina mistari 56, na chini ya jina lake mshairi ameandika neno moja tu, Ferrara, mji wa kaskazini mwa Italia. Wasomi wengi humhusisha msemaji na Alfonso wa Pili wa ukoo wa Este, ambaye mke wake wa kwanza, Lucrezia de' Medici, alifariki mwaka 1561 akiwa na umri wa miaka 16, na ambaye alioa tena mwaka 1565. Shairi halimtaji kwa jina. Tunachopewa ni tukio: Duke, aliyefiwa na mke, yuko ghorofani na mjumbe wa mkuu mwingine aliyekuja kupanga ndoa ya binti ya mkuu huyo. Duke anavuta pazia, anamwonyesha mgeni picha ya marehemu ukutani, anamkaribisha aketi, na anaanza kueleza ule mng'ao wa furaha ulioko usoni mwa mwanamke yule ulitoka wapi.

Hata jina la shairi lina mtego ambao Kiswahili hulazimika kuuchagulia upande. Neno la Kiingereza linalomwelezea mke huyo, “last”, laweza kuwa “wa mwisho”, na laweza pia kuwa “aliyepita”, yaani aliyemtangulia anayefuata. Tukitafsiri “mke wangu wa mwisho” tunasikia mjane anayeomboleza. Tukitafsiri “mke wangu aliyepita” tunasikia mtu anayehesabu. Msomaji wa Kiingereza anayasikia yote mawili kabla hata mstari wa kwanza haujaisha, na baadaye anagundua kwamba ni maana ya pili iliyokuwa ikifanya kazi muda wote.

Wakiuliza kinaya kiko wapi, wapeleke kwanza kwenye mstari wa 25 hadi wa 29. Hapo Duke anaorodhesha mashtaka. Kosa la mkewe, asema, ni kwamba moyo wake ulikuwa mwepesi kufurahi, na kila kitu kilimfurahisha kwa kiasi kilekile: pambo alilopewa na mumewe akalivaa kifuani, jua likizama magharibi, tawi la matunda ya cheri ambalo mjinga mmoja mwenye kujipendekeza alimkatia bustanini, na nyumbu mweupe aliyempanda akizunguka uwanja wa kasri. Isomeni orodha hiyo kwa sauti kisha uwaulize wanafunzi kama kuna hata kitu kimoja cha aibu ndani yake. Hakuna. Kuna machweo, matunda, mnyama mpole na shukrani. Ushahidi ulioletwa kumtia mwanamke hatiani unamtetea, na aliyeuleta ni mshtaki mwenyewe. Duke hawezi kuona kwamba orodha yake inapendeza, kwa sababu kwake uzuri wa vitu hivyo hauna uzito. Kinachomuumiza ni kwamba viliwekwa safu moja na zawadi yake ya jina la ukoo lenye umri wa miaka 900. Hapo ndipo mahali pa kwanza pa kuweka kidole.

Pa pili ni mstari wa 34 hadi wa 43, na hapa ndipo penye jibu la wale wawili waliosema mume alivumilia. Duke anauliza nani angejishusha hata amlaumu mtu kwa mambo madogo kama hayo. Anaongeza kwamba hata kama ungekuwa na ufasaha, ambao yeye anadai hana, wa kumwambia mke wazi kwamba hili na lile ndani yake linakuchukiza, na hata kama mke angekubali kufundishwa bila ubishi, bado kusema kungekuwa ni kujishusha, na yeye ameamua kutojishusha kamwe. Tafakarini maana yake. Hakumwambia. Mwanamke yule hakuwahi kujulishwa kosa lake na mumewe; aliishi akitabasamu katika nyumba ambamo tabasamu lilikuwa likihesabiwa, na hesabu hiyo hakuonyeshwa. Tunachokiita uvumilivu wa Duke ni ukimya wa mtu anayekusanya mashtaka. Hatuhitaji sauti nyingine itushuhudie hilo, maana ametuambia mwenyewe, na amelitaja kama jambo la kujivunia.

Kisha inakuja mistari ya 45 na 46, ambayo sijawahi kuifundisha bila darasa kunyamaza. Anasema jambo lile lilizidi, akatoa amri, na tabasamu zote zikakoma kwa pamoja. Baada ya sentensi zilizojipinda kwa mistari kumi, ghafla vishazi vitatu vifupi. Amri gani? Hasemi. Browning mwenyewe alipoulizwa miaka mingi baadaye alijibu kwamba alikusudia amri iwe ya kumuua, kisha akaongeza kuwa labda Duke alimfungia katika nyumba ya watawa. Ninalipenda jibu hilo kwa sababu linaonyesha kwamba uzito wa shairi haukai kwenye siri ya mauaji. Hata tungeambiwa alipelekwa utawani, Duke hapungukiwi na ubaya, kwani la kutisha ni jinsi kitenzi kinavyoangukia tabasamu na kumruka mtu. Kilichokoma, kwa lugha yake, ni tabasamu.

Na mara hiyohiyo anamwomba mgeni ainuke washuke kwa wageni wengine, na anasema “narudia”, kisha anataja mahari. Hapa wanafunzi wetu wanahitaji maelezo, maana katika ndoa hizo za Ulaya mali ilitoka kwa baba wa bibi harusi kwenda kwa mume, kinyume cha mahari yetu. Duke anamhakikishia mjumbe kwamba ukarimu wa bwana wake unajulikana, hivyo dai lolote la haki halitakataliwa, ingawa, kama alivyokiri mwanzoni, shabaha yake ni binti mwenyewe. Lile neno “narudia” ni dogo lakini linafungua dirisha kubwa: mazungumzo ya mali yalianza kabla ya pazia kuvutwa. Habari ya mke aliyekufa iliingizwa katikati ya mapatano ya ndoa mpya, baina ya kutaja mali na kuitaja tena.

Kutokana na hapo baadhi ya wasomaji hodari wamekataa kumwita Duke mtu anayejifichua. Wanasema huyu hakuropoka. Alimchagua msikilizaji, alichagua wakati, alilitaja jina la mchoraji Fra Pandolf kwa makusudi na akakiri kwamba ni kwa makusudi, na anachofanya ni kumpelekea binti wa watu onyo kupitia kwa mjumbe: mke wa nyumba hii hatabasamu ovyo. Kwa lugha yetu, anapiga kijembe. Mimi nakubaliana nao kabisa hadi hapo. Sioni dalili kwamba ulimi umemteleza, na mwalimu anayewaambia wanafunzi kwamba Duke “amejisahau” anamdharau mtu hatari.

Lakini kijembe hakimalizi maana ya shairi. Onyo analolijua Duke ni kwamba yeye ni mtu wa kuogopwa. Asilolijua ni kwamba, katika kulitoa, amefanya lile alilosema hafanyi kamwe. Mtu asiyejishusha kueleza chuki yake kwa mke wake aliye hai anamweleza mtumishi wa mtu mwingine, kwa undani, kwa mistari 56. Aliyedai hajali mambo madogo anakumbuka rangi ya nyumbu. Na wivu wake haukufa na mwanamke: ameweka pazia mbele ya picha na hakuna anayelivuta isipokuwa yeye, maana yake tabasamu lililokuwa likimwendea kila apitaye sasa linatolewa kwa kibali. Ameshinda, na bado analinda mlango. Hilo ndilo linaloitwa kinaya hapa, na ndilo lisilo kijembe, kwa kuwa Duke hawezi kulikusudia bila kuacha kuwa Duke.

Kwa hiyo neno “asiyeaminika” lisitupeleke kwenye uongo. Wayne Booth, aliyelieneza wazo la msimulizi asiyeaminika katika uhakiki wa riwaya mwaka 1961, alimpima msimulizi huyo kwa umbali ulioko kati yake na maadili yanayoiongoza kazi nzima, hivyo mtu aweza kusema kweli tupu na bado asiaminike. Duke hatudanganyi kuhusu tukio hata moja tunaloweza kulithibitisha ndani ya shairi. Mke alitabasamu, alishukuru, aliona haya usoni, amri ikatolewa. Habari ni sahihi. Mizani ndiyo mbovu. Ukiwafahamisha wanafunzi tofauti ya habari na mizani, wataacha kumtafuta Duke kwenye uongo ambao haumo.

Bado lipo swali la mshairi mwenyewe: amejificha kabisa? Hajajificha kabisa, na hapa umbo la shairi lina ushahidi ambao wahakiki wengi huupita haraka. Kila mistari miwili ya shairi hili ina kina kimoja, lakini sentensi hazikomei kwenye vina. Ni mishata karibu mwanzo hadi mwisho. Sikio letu lililozoea kituo linataka kupumzika kila kina kinapofika. Ukipumzika hapo utamsikia Browning akipanga vina vyake. Ukifuata alama za uakifishaji utamsikia Duke akizungumza. Jaribuni kusoma kwa njia zote mbili. Kisha rudini kwenye mstari wa 35 na 36, ambapo Duke anasema hana ufasaha. Anasema hivyo ndani ya vina visivyokosea hata mara moja. Duke hajui kwamba anatunga shairi, ila sisi tunajua, na katika pengo hilo jembamba mshairi amesimama bila kufungua mdomo. Amesimama pia penye jina na penye kikomo: jina la shairi linaanza kwa “wangu” na mstari wa 56 unaishia kwa “mimi”, wakati Duke anaonyesha sanamu ya shaba ya Neptuni, mungu wa bahari wa Warumi, akimfuga farasi wa baharini, iliyotengenezwa, asema, kwa ajili yake. Kwake sanamu na mke ni mali za ukumbi mmoja. Kuziweka jirani ni tabia ya Duke; kulimaliza shairi hapo ni hukumu ya Browning.

Ukipata kipindi kingine, weka pembeni ya hili shairi lake la awali, “Porphyria's Lover”, lililotokea kwanza mwaka 1836. Humo mwanamke anaingia kibandani usiku wa tufani, anawasha moto, anamlaza mpenzi wake begani, na mpenzi huyo, akiisha kujua kwamba anapendwa, anamnyonga kwa nywele zake mwenyewe kwa kuzizungusha shingoni mara tatu. Halafu anasema: “Hakusikia maumivu; nina hakika kabisa hakusikia maumivu.” Mwonyeshe mwanafunzi ule urudiaji. Mwenye hakika husema mara moja. Hapa mizani imeharibika kama ya Duke, lakini na habari yenyewe imeingia shaka, kwani macho ya maiti anayaona yakicheka. Tena hapa hakuna mjumbe wala mgeni. Hatujui anamwambia nani. Duke tunamwogopa kwa sababu anajitawala, huyu kwa sababu hajitawali, na ni vizuri wanafunzi waone kwamba kutoaminika kuna sura zaidi ya moja. Askofu anayekufa katika shairi la Browning la mwaka 1845, “The Bishop Orders His Tomb”, ana sura nyingine nyepesi zaidi: anaanza kwa kutaja ubatili wa dunia, anawaita vijana waliozunguka kitanda wapwa zake, mara anawaita wanawe, ilhali ni padri aliyeapa kutooa, kisha anatumia pumzi zilizobaki kudai kaburi la mawe ya thamani lipite la hasimu wake. Pale ulimi umeteleza kwelikweli.

Hata hivyo nakuomba sana, usiwafanye wanafunzi wawe wapelelezi wanaomshuku kila asemaye “mimi”. Kinaya kikishakuwa mazoea, msomaji anakiona hata pasipo. Chukua “Ulysses” ya Tennyson, iliyoandikwa mwaka 1833 baada ya kifo cha rafiki yake mpendwa Arthur Hallam na kuchapishwa mwaka 1842. Mfalme mzee anasema hawezi kukaa kitako, atasafiri tena hadi afe. Kuna wasomaji wanaomwona mzee huyu asiyeaminika: anawaita watu wake wakali wasiomjua, anamwachia mwanawe kazi ya kutawala kwa sifa baridi, na anamtaja mkewe kwa neno moja tu, kwamba amezeeka. Dalili hizo zipo na haifai kuzifuta. Lakini Tennyson mwenyewe alieleza kwamba shairi lile lilibeba hisia zake za haja ya kusonga mbele baada ya msiba, na mdundo wa mistari ya mwisho haumwachi msomaji katika kicheko wala hofu, unamwinua. Mimi nalisoma kama shairi ambalo mshairi anasimama karibu sana na msemaji wake, si pamoja naye kabisa. Umbali huo ndio wa kupimwa, na hauwi sawa katika mashairi mawili. Kwa Duke ni bahari. Kwa Ulysses ni hatua moja au mbili.

Hili linanirudisha kwa wale wanafunzi wawili. Mwaka 1957 mhakiki Robert Langbaum alitoa hoja kwamba uhai wa monolojia ya kitamthilia uko katika mvutano kati ya huruma na hukumu: tunavutwa kumwelewa msemaji kwa ndani hata tunaahirisha kumhukumu, na kwa Duke tunavutwa na nguvu, adabu na ustadi wake kiasi cha kusahau kwa muda kwamba tunamsikiliza muuaji. Sidhani kwamba hukumu inaahirishwa mno kama alivyodai, maana ile orodha ya machweo na cheri inamhukumu mapema, kabla amri hazijatajwa. Lakini kuhusu mvuto alisema kweli. Mjumbe aliye ndani ya shairi hakukatiza hata mara moja. Alikaa alipoambiwa akae, akainuka alipoambiwa ainuke, na tunaposikia Duke akimwambia washuke pamoja, huenda aliinuka kwa haraka au alisogea nyuma kumpisha. Shairi linatuachia hilo. Wanafunzi wako walikaa kwenye kiti cha mjumbe. Waulize, bila kuwaaibisha, ni sentensi gani hasa iliyowafanya wamwamini Duke, na waiandike ubaoni. Nakuhakikishia itakuwa mojawapo ya zile ambazo amejipunguzia sifa kwa upole, kama ile ya kutokuwa na ufasaha. Kisha waandike barua fupi ambayo mjumbe anampelekea bwana wake usiku huohuo. Atakayeandika barua hiyo atalazimika kuamua nini amekisikia, nini amekielewa, na nini atathubutu kukisema, na hapo kinaya hakitahitaji tena kutajwa kwa jina.

Ikiwa bado wanataka sauti ya pili, ile waliyolalamika kwamba haimo, Browning aliwahi kuitoa kwa wingi. Mwaka 1860 alinunua sokoni Florence kitabu kikuukuu cha nyaraka za kesi ya mauaji iliyosikilizwa Roma mwaka 1698, ambapo mwungwana Guido Franceschini alimuua mkewe kijana, Pompilia, pamoja na wazee waliomlea. Katika nyaraka hizo akatoa “The Ring and the Book”, iliyochapishwa mwaka 1868 na 1869, yenye sehemu 12 na mistari zaidi ya 20,000, ambamo tukio lilelile linasimuliwa na watu mbalimbali, akiwemo Pompilia mwenyewe kabla hajakata roho. Guido peke yake anasema mara mbili. Mbele ya mahakama ni mume aliyeonewa, mnyenyekevu, mwenye kunukuu sheria, na ukimsikiliza bila wengine anaaminika kama Duke. Katika sehemu ya 11 yuko gerezani usiku wa kuamkia kukatwa kichwa, heshima imemtoka, anawatukana viongozi wa dini waliokuja kumtubisha. Wanapokuja kumchukua anawaita wote wa kumwokoa, padri, kadinali, Kristo, Maria, Mungu, na jina la mwisho kabisa analolitamka ni la mke aliyekuwa akimwita mkosaji kwa maelfu ya mistari. Anamuuliza: Pompilia, utawaacha waniue?